Nani alipie usafi wa mkaa mbadala: mtengenezaji au mwenye duka?

SWALI: Shikamoo. Natengeneza mkaa mbadala wa vifuu vya nazi hapa Mkuranga na kuuzia duka moja kubwa la Mbagala. Nimepata nafasi ya mkopo wa kununua kikaushio na tanuri bora, ili mkaa wangu usitoe moshi na majivu yapungue. Mwenye duka anasema wazo ni zuri, lakini gharama ni zangu kwa kuwa kiwanda ni changu, na hataki bei ya jumla iguswe. Mimi naona na yeye atauza zaidi. Je, niwekeze peke yangu, niachane nalo, au kuna namna ya kugawana? Na bei niiweke vipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Ulilouliza linawakwamisha watengenezaji wengi wa bidhaa rafiki kwa mazingira, wa mifuko mbadala kama wa sabuni za asili. Gharama ya kuisafisha bidhaa inamwangukia mmoja, mapato yake yanagawanyika kwa wawili. Mkopo utakuwa na jina lako, ila mteja akiupenda mkaa, hela inapita kwanza kwenye droo ya mwenye duka.

Ushauri wangu ni huu: usiwekeze peke yako kwa masharti mliyonayo sasa, lakini usiliache. Kaa na mwenye duka, mzungumze mambo mawili kwa pamoja, yaani mchango wake kwenye mkopo na bei atakayomuuzia mteja. Watu wengi huzungumza la kwanza na kulisahau la pili, na ninavyoona mimi, hilo la pili ndilo lenye pesa nyingi zaidi. Nitakuonyesha kwa namba. Ni za mfano tu, nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa. Ukishaelewa njia, weka zako.

Tuseme kutengeneza kilo moja kunakugharimu shilingi 800. Mwenye duka anatumia shilingi 200 kwa kila kilo: kodi ya fremu, kijana wa kupima, usafiri. Wateja wa eneo lile tuwaeleze hivi: bei ikifika shilingi 2,600 kwa kilo hakuna anayenunua, na kila inaposhuka kwa shilingi moja, mauzo ya wiki yanaongezeka kilo moja. Kwa bei ya 2,200 zinatoka kilo 400, kwa bei ya 1,800 zinatoka kilo 800.

Wewe unataja bei ya jumla kwanza, yeye anapanga ya rejareja baadaye. Ukimuuzia kwa 1,600, kilo ikifika kwenye mzani wake imeshamgharimu 1,800. Akiuza 2,100 anatoa kilo 500 na kupata 150,000. Akiuza 2,200 anatoa kilo 400 na kupata 160,000. Akipanda mpaka 2,300 anarudi 150,000. Atasimama kwenye 2,200. Upande wako unapata 800 kwa kila kilo, mara kilo 400, yaani 320,000 kwa wiki. Jaribu bei nyingine ya jumla uone: ukishuka mpaka 1,400 unapata 300,000, ukipanda mpaka 1,800 unapata 300,000. Kwa hiyo 1,600 ndiyo bei yako bora ukiwa unaamua kivyako. Jumla yenu wawili ni 480,000.

Sasa fikiria duka na kiwanda vingekuwa vya mtu mmoja. Gharama yake yote ni 1,000 kwa kilo. Angeuza kwa 1,800, zingetoka kilo 800, na angebaki na 640,000. Bidhaa ni ile ile, wateja ni wale wale, na mteja analipa shilingi 400 pungufu kwa kilo. Shilingi 160,000 mnazozikosa kila wiki hakuna aliyewaibia. Zimepotea kwa sababu wewe umeweka faida yako juu ya gharama, kisha yeye ameweka faida yake juu ya faida yako, na mteja akaamua kurudi kwenye kopo la mkaa wa miti. Mchumi wa Kimarekani Joseph Spengler alilieleza tatizo hili mwaka 1950, na mpaka leo ndilo la kwanza ninaloliangalia nikiletewa mnyororo wowote wa ugavi, uwe wa mkaa au wa juisi.

Tuje kwenye mkopo wako. Tuseme kikaushio, tanuri na vipimo vya ubora, ukivigawa kwa wiki, vinakula shilingi 100,000. Tuseme pia mkaa usiotoa moshi unawafanya wateja wakubali kulipa shilingi 200 zaidi kwa kila kilo kuliko zamani. Mkiendelea na utaratibu wa sasa, kila mtu na bei yake, bei yako bora ya jumla itakuwa 1,700, yeye atauza 2,350, na zitatoka kilo 450. Wewe utapata 405,000, yaani nyongeza ya 85,000, wakati rejesho ni 100,000. Umeingia hasara ya 15,000 kila wiki kwa kutengeneza mkaa mzuri zaidi. Mwenye duka atapata 202,500 kutoka 160,000, nyongeza ya 42,500, bila kutoa hata senti. Ukijumlisha nyongeza zenu ni 127,500, na hiyo inazidi gharama. Kwa hiyo mradi wenyewe unalipa. Haukulipi wewe peke yako.

Hapo ndipo penye hoja ya kumpelekea. Akichangia chini ya 15,000 kwa wiki, wewe huna sababu ya kuukopa mkopo. Akichangia zaidi ya 42,500, yeye hana sababu ya kukubali. Katikati ya hizo mbili ndipo uwanja wenu wa mazungumzo. Akitoa 25,000, wewe unabaki na ziada ya 10,000 na yeye anabaki na ziada ya 17,500. Si fedha nyingi, lakini ni tofauti kati ya kikaushio kununuliwa na kutonunuliwa.

Angalia sana namna mchango huo unavyotolewa. Uwe kiasi kimoja kwa wiki au kwa mwezi, kisichotegemea kilo. Akisema "nitakuongezea shilingi 50 kwa kila kilo", hiyo ni bei ya jumla iliyopandishwa kwa jina lingine. Ataiingiza kwenye hesabu zake na kumpandishia mteja, na mauzo yatashuka. Kiasi kisichobadilika hakimgusi mteja, kwa sababu kwa mwenye duka ni kama kodi ya fremu: ameshailipa, iwe ameuza kilo kumi au elfu moja.

Nimechukulia kwamba wewe ndiye unayetaja bei kwanza. Mara nyingi si hivyo. Kama duka lile ni kubwa na watengenezaji kama wewe mko wengi mlangoni, yeye ndiye anayesema "faida yangu ni kiasi hiki, ninyi leteni bei". Wachumi huita hali hii mchezo wa kiongozi na mfuasi, na aliyeuandika kwa mpangilio ni Mjerumani Heinrich von Stackelberg, mwaka 1934. Anayetangulia huchukua sehemu kubwa. Katika mfano wetu, duka likitangulia, mafungu yanageuka: lenyewe linapata 320,000 na wewe 160,000. Nyongeza za usafi zinageuka pia: duka 85,000, wewe 42,500. Maana yake kubwa kwako ni kwamba mwenye nguvu ndiye anayefaidika zaidi na mkaa wako kuwa safi, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuchangia zaidi, angalau 57,500 kwa wiki katika hesabu hii. Mwenye duka anayekubana bei halafu anakwambia gharama za ubora ni zako peke yako anajinyima mwenyewe. Mweleze hivyo kwa upole, ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi.

Kuna mpango mwingine ninaoupenda zaidi, japo unataka kuaminiana. Mkubaliane bei ya juu kabisa ya rejareja, ichapwe kwenye mfuko, tuseme shilingi 1,900 kwa kilo. Wewe ushushe bei ya jumla mpaka 1,400. Mkaa ulioboreshwa ukiuzwa kwa 1,900, zinatoka kilo 900. Mwenye duka anabaki na 300 kwa kilo, yaani 270,000 badala ya 160,000 anazopata leo. Wewe unabaki na 600 kwa kilo, yaani 540,000. Ukitoa rejesho la 100,000 unabaki na 440,000 badala ya 320,000. Rejesho lote umelibeba wewe, na bado uko mbele kuliko ulivyo sasa. Mteja analipa 1,900 kwa mkaa bora kuliko ule aliokuwa akiununua kwa 2,200.

Kishawishi nacho kipo. Ukimpa bei ya 1,400 bila kikomo cha rejareja, mwenye duka atagundua kwamba akiuza 2,200 anatoa kilo 600 na kupata 360,000, zaidi ya zile 270,000. Wewe hapo utabaki na 260,000 baada ya rejesho, chini hata ya unachopata leo. Ndiyo maana bei ichapwe kwenye mfuko kwa wino, mteja aione. Kusiwe na makubaliano ya mdomo tu, wala kibandiko kinachobanduka. Na iwe bei ya juu, si bei ya chini; akitaka kuuza kwa 1,800 siku ya sikukuu, muache. Kumlazimisha muuzaji asishuke chini ya bei fulani ni jambo linaloweza kukuingiza kwenye maswali ya sheria ya ushindani, na wala hukuhitaji.

Mpango huu una uzito kwa mazingira pia, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani bidhaa ya kijani lazima iwe ghali ili iheshimike. Matanuri ya udongo ya kienyeji mara nyingi hutoa mkaa wa asilimia 10 hadi 20 tu ya uzito wa kuni zilizoingia. Kilo moja ya mkaa wa miti imekula kilo tano hadi kumi za kuni. Kama kila kilo yako inachukua nafasi ya kilo moja ya mkaa wa miti, kutoka kilo 400 kwenda 900 kwa wiki kunaokoa tani mbili na nusu hadi tano za kuni kila wiki. Hakuna tanuri utakalonunua litakalofanya kazi hiyo kama mkaa wenyewe ni ghali na unalala kwenye rafu. Bei nafuu ni sehemu ya usafi wa bidhaa yako.

Sasa tuihoji ile shilingi 200, maana hesabu yote imesimama juu yake. Ikiwa wateja wako tayari kuongeza shilingi 100 tu, hata duka na kiwanda vikiwa vya mtu mmoja nyongeza inakuwa 82,500, chini ya gharama ya 100,000. Hapo hakuna mkataba utakaokuokoa, acha mkopo. Kwa namba zetu, mpaka uko karibu na shilingi 120 kwa kilo. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, pima. Usiwaulize watu "je, mngependa mkaa usiotoa moshi?", kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Tengeneza kiasi kidogo cha mkaa bora, hata kwa kuazima tanuri la mwenzako au kukausha kwa muda mrefu zaidi, uweke dukani kando ya ule wa kawaida kwa bei ya juu kidogo. Baada ya wiki kadhaa badilisha tofauti ya bei. Hesabu kilo zilizotoka, na hasa waliorudi kununua mara ya pili, maana mara ya kwanza mtu hununua kwa udadisi.

Uwajue wateja wako pia kwa makundi. Mama lishe anayechemsha maharage anataka moto wa kukaa muda mrefu, na mkaa mbadala uliokaushwa vizuri unampa hicho. Muuza chipsi anataka moto mkali na wa haraka. Mkaa wako ukichelewa kushika, hata uwe safi namna gani, atarudi kwenye mkaa wa miti. Mpishi wa nyumbani aliyepanga chumba kimoja anajali moshi kuliko wote. Anayenunua kwa kopo hawezi kununua mfuko wa kilo tano hata kama kwa kilo ni nafuu, kwa hiyo mfuko wa kilo moja ni muhimu kuliko unavyofikiri. Huyo anayejali moshi na kununua kidogo kidogo ndiye atakayekulipa zile shilingi 200.

Hapo pana swali ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la mkopo: usafi upi ununue kwanza? Mteja anaona moshi, majivu, muda wa kushika moto na muda wa kukaa. Haoni vifuu vimetoka wapi, wala tanuri lako linatoa gesi gani huko Mkuranga. Kitu anachokiona kinaweza kulipwa na bei ya dukani. Kile asichokiona hakitalipwa hata ukiandika "rafiki wa mazingira" kwa herufi kubwa, isipokuwa kuwe na mtu mwingine anayeaminika wa kukushuhudia. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ni ushahidi wa namna hiyo kwa ubora, na mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) kupata barua ya kumpeleka TBS. Usianze na maandishi kwenye mfuko kabla ya vipimo. Bidhaa ya kijani inayodai isichoweza kuthibitisha humharibia sokoni hata yule anayefanya kweli.

Kwa hiyo ningeanza na kikaushio, kisha tanuri. Mkaa mbichi ndiyo chanzo kikubwa cha moshi na cha kuchelewa kushika. Tena kuna msimu: masika, Machi mpaka Mei, jua linapokosekana, ndipo mkaa wa miti unapopanda bei mjini kwa sababu njia za porini zimeharibika na tanuri za udongo zimelowa. Wateja wanakuhitaji zaidi wakati ambao chaga zako za kuanikia zimelala na mvua. Kikaushio kinakupa mauzo ya miezi ambayo mwenzako anayetegemea jua hana cha kuuza. Hiyo ni faida ambayo sikuiweka kwenye hesabu ya juu, na huenda ikatosha kulipa sehemu kubwa ya rejesho.

Majivu nayo mara nyingi hayatokani na tanuri. Angalia unachochanganya. Ukifungia kwa uji wa muhogo, majivu hayaongezeki sana. Ukifungia kwa udongo wa mfinyanzi, umeongeza kitu kisichoungua, na kitabaki jikoni kwa mteja. Chenga za mkaa zinazokusanywa kwenye vituo vya kuuzia mkaa ni nafuu, lakini huja na mchanga. Chekecha kabla ya kusaga. Kubadilisha gundi na kununua chekecheo ni gharama ndogo usiyohitaji kukopea, na kunaweza kukupa nusu ya usafi unaoutafuta. Fanya hilo wiki hii.

Tanuri bora lina sababu yake, lakini ni sababu ambayo mteja haioni. Pipa la wazi la kuchomea vifuu hutoa moshi wenye methani na kaboni monoksaidi, ile hewa yenye sumu. Tanuri linalorudisha gesi zake na kuziunguza hupunguza hayo na kumlinda anayelihudumia. Nataka ulinunue, kwa ajili ya mapafu ya vijana wako kwanza. Ila usitegemee duka likuongezee bei kwa sababu yake. Fedha za tanuri zitafute kwa mnunuzi anayejali yasiyoonekana: hoteli yenye masharti ya mazingira, au taasisi. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Shule na vyuo vimelazimika kutafuta mbadala, na baadhi huangalia mkaa kama wako. Hapo utakutana na STAMICO (Shirika la Madini la Taifa), ambao mkaa wao wa Rafiki Briquettes unatengenezwa kwa makaa ya mawe. Mkaa huo unaokoa miti, lakini unachimbwa ardhini; wako unatokana na mabaki ya mnazi yanayoota tena. Taasisi inayoandika taarifa zake za mazingira itaiona tofauti hiyo, mradi uweze kuonyesha vifuu vyako vinatoka kwa nani.

Uuzaji wa hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kupunguza gesi zinazochafua anga, wengi huniuliza. Kwa kiwanda cha ukubwa wako, gharama za uhakiki zitameza mapato. Ikitokea taasisi inayounganisha watengenezaji wengi, sikiliza. Usijenge marejesho ya mkopo juu ya fedha hizo.

Gesi pia usiisahau. REA (Wakala wa Nishati Vijijini) imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku, na mteja wako wa chumba kimoja ndiye anayelengwa. Sioni kama gesi itakufungia biashara, kwa sababu watu wengi hutumia gesi kwa chai na kurudi kwenye jiko la mkaa kwa maharage na kande. Lakini inakuwekea dari: mkaa wako ukikaribia gharama ya kupikia kwa gesi, mteja atahama. Hiyo ni sababu nyingine ya kuupendelea mpango wa 1,900 kuliko ule wa 2,350.

Turudi nyuma ya kiwanda, maana mnyororo haukuanzia kwako. Vifuu vikichomwa hubaki na robo hadi theluthi ya uzito. Kilo 900 kwa wiki zinataka vifuu kama tani 2.7 hadi 3.6. Je, wakamua nazi na wakaushaji wa mbata wa Mkuranga wana ziada hiyo, au wenyewe wanavitumia kama kuni? Ukianza kununua kwa wingi, kilichokuwa takataka kitakuwa na bei. Funga makubaliano ya vifuu kabla ya kufunga ya duka, na uandike kwenye hesabu bei unayotarajia baada ya miezi sita, siyo ya leo. Ukilazimika kufuata vifuu mbali, kama Rufiji au hata Mafia kwa kuvuka bahari, usibebe vifuu. Chomea kule kule, ubebe unga wa mkaa. Lori linalobeba vifuu vibichi linateketeza mafuta kusafirisha theluthi mbili hadi robo tatu ya mzigo itakayoishia hewani. Uamuzi wa kuweka tanuri wapi utapunguza dizeli kuliko uamuzi wa aina ya tanuri.

Mkataba wenyewe na mwenye duka usiwe mrefu. Uwe na bei ya jumla, bei ya juu iliyochapwa, mchango wake kama upo na tarehe ya kuutoa. Uwe na kipengele cha mkaa uliovunjika: ukivunjika kabla ya kushushwa ni wako, ukivunjika dukani ni wake, vinginevyo kila wiki mtagombana juu ya chenga. Na malipo. Kama unamwachia kwa mali kauli, siku zake za kulipa ziendane na siku yako ya rejesho. Mtengenezaji anaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado akashindwa kununua vifuu Jumatatu. Yeye naye atataka kitu, na anastahili: ahadi kwamba kwa muda fulani, tuseme mwaka mmoja, hutauzia duka la jirani kwenye mtaa ule. Mpe. Mtu hawezi kuchangia kikaushio kitakachomnufaisha mshindani wake wa mlango wa pili. Ila ahadi hiyo iishie kwenye eneo lake, isikuzuie kuuzia shule au hoteli.

Muda wa kwanza uwe wa miezi sita, na upange masika yawe ndani yake, ili muone mauzo ya mvua kabla ya kurekebisha bei. Kila mwezi mbadilishane namba mbili tu: kilo ulizompelekea na kilo alizouza. Zikitofautiana sana, mkaa unalala, na mtajua mapema kama tatizo ni bei, unyevu, au mfuko.

Jambo la mwisho liende kwenye mfuko, chini ya bei, kwa maandishi yanayosomeka: mkaa huu utumike penye hewa, usiwashwe chumba kilichofungwa. Kutokuwa na moshi kutawafanya baadhi ya wateja waingize jiko ndani wakati wa mvua na kufunga dirisha, na hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa wowote haina rangi wala harufu. Mwambie mwenye duka amwonye kila mteja mpya kwa mdomo pia.